Bei ya Nyumbani na Bei ya Biashara

Kwenye ukuta wa studio yangu, hatua chache kutoka bandari ya Kalundu, nimebandika karatasi yenye mistari miwili. Picha kwa matumizi ya nyumbani, dola mbili. Picha kwa matumizi ya biashara, dola arobaini. Chini yake nimeandika kwa kalamu nyekundu kwamba bei haipunguzwi, na bado hapiti mtu bila kuniomba nipunguze. Watu wa Uvira huomba kupunguziwa hata dawa ya hospitali, sembuse picha wasiyoishika mkononi.

Hilo la kutoishika ndilo linalowasumbua. Marehemu baba yangu aliuza picha za karatasi katika chumba hikihiki. Mteja aliipokea, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga, akalipa. Mimi ninauza picha inayotoka kwenye kompyuta yangu ikaingia kwenye simu ya mtu, na huyo mtu haelewi kwa nini alipie kitu ambacho kinabaki kwangu vilevile. Mbadilisha fedha mmoja wa kule mpakani Kavimvira aliwahi kuniambia, "Kasimu, weye unauzisha kitu na kingali kwako. Minye nikikuuzishia dola, inaenda." Nilimwambia akae nimweleze. Hakukaa.

Mambo yenyewe ni rahisi. Kila picha ninayopiga ufukweni, sokoni au harusini naionyesha kwenye WhatsApp ikiwa na namba yake. Anayeitaka ananitumia namba, analipa kwa simu, nami namtumia picha safi aipakue. Kabla hajalipa anaiona ikiwa na maandishi: HAIJALIPIWA, STUDIO KASIMU. Zamani niliyaweka pembeni, madogo, kwa adabu. Watu wakawa wanakata pembe. Nikayahamishia katikati ya uso, kutoka sikio hadi sikio, kwa herufi nene. Sikuona aibu. Mkono mtupu haulambwi, na jenereta yangu haiendi kwa maji ya ziwa.

Tofauti ya bei mbili nilifundishwa Bukavu, kwenye mafunzo ya siku tatu. Mwalimu alisema tusijichoshe kumchunguza mteja nguo wala kazi yake, tumuulize swali moja tu: kuna pesa itakayoingia kwa sababu ya picha hii? Akisema ndiyo, ni biashara. Akisema hapana, ni nyumbani. Swali hilo nimelitumia miaka minne, na sijawahi kugombana na mtu zaidi ya dakika tano.

Picha iliyouzika kuliko zote ni namba 114. Ni ya Domitille, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, hapa Kalundu, mama wa makamo aliyeteremka kutoka Luberizi kuolewa, akafiwa na mume, akabaki na beseni lake la aluminiamu na binti mmoja, Noella. Nilimpiga asubuhi moja mchangani, ndagala zimeanikwa mpaka miguuni pake. Alikuwa ameinama. Akainua uso, akacheka, nami nikabonyeza. Nimepiga maelfu ya picha na ninajua ninachosema: kicheko kama kile hakipatikani mara mbili.

Shirika moja la Bukavu lilikinunua kwa ajili ya kalenda. Mwenye mkahawa Bujumbura akakitundika ukutani. Muuza mawese mmoja akakibandika kwenye vidumu vyake vya mafuta, ingawa Domitille hakuwahi kuuza mawese hata siku moja. Mwisho kikawa jalada la ripoti ambayo sikuisoma. Wote wanne walilipa bei ya biashara, na wote wanne hawakuomba kupunguziwa.

Ile kalenda ilifika mpaka kituo cha afya, na Domitille akajiona. Alikuja studio siku hiyohiyo, beseni kichwani, wala hakuwa na hasira.

"Kasimu, minye niko mwezi wa munane."

"Umependeza, mama."

"Ile sura yangu inatembeaka. Inatembea na miguu ya nani?"

Nikacheka, naye akacheka. Aliniachia ndagala kiganja kimoja juu ya gazeti, kama alivyozoea kuwaachia majirani, akaenda zake. Tangu hapo kila alipopita aliuliza mambo mawili: kama sura yake ingali inatembea, na kama picha yake ya karatasi imetoka. Maana siku ile mchangani nilimwahidi ya karatasi, kama tunavyoahidi wapiga picha wote ili mtu asitukunjie uso. Nilikuwa nikimjibu kwamba wino umeisha. Wino wangu uliisha kwa miaka miwili.

Domitille alikufa mwezi wa tatu, ghafla, kwa presha. Nilikwenda kumzika kama watu wote wa Kalundu. Kesho yake Noella akaja studio. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka kama thelathini, na si mtu wa maneno mengi; huniita yaya, yaani kaka. Nilimpa pole, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Yaya Kasimu, tunahitaji ile foto ya mama. Ile yenye anacheka."

"Hamuna ingine?"

"Iko ile ya karte ya elekteri, ya kupigia kura. Uso hauonekane tena. Na zenye zilikuwa mu simu yangu, simu waliniibia Kavimvira."

"Ni ya kufanya nini?"

"Fulana za kilio. Tutazivaa siku ya kumaliza kilio, jumamosi."

Hapo ndipo nilipouliza swali langu. "Mutazichapa na kuziuzisha?"

"Ndiyo," alisema. "Dola tano tano. Yenye itabaki tutalipa sanduku."

Kila mtu huku anajua mambo ya fulana za kilio. Familia inazichapa na sura ya marehemu, ndugu na majirani wanazinunua, na kwa njia hiyo mtu anachangia sanduku na maharagwe bila mfiwa kunyoosha mkono. Hakuna anayetajirika. Mimi mwenyewe ninazo tatu nyumbani, na wawili kati ya hao marehemu sikuwapenda. Noella angejibu hapana, angelipa dola mbili na kuondoka na mama yake kwenye simu. Lakini aliulizwa swali, akajibu ukweli, kama wanavyojibu walimu.

"Basi iko bei ya biashara," nilimwambia. "Dola makumi ine."

Aligeuka akaisoma karatasi ya ukutani, polepole, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

"Kilio iko biashara?"

"Kilio hapana. Kuuzisha ndiyo."

"Hatuna hiyo."

"Noella, nikikupunguzia weye, kesho watu wote wa Kalundu watakuja na..."

"Sikukuomba upunguze, yaya," alisema. "Nimekuambia tu hatuna." Akanishukuru, akatoka.

Nilijisikia vibaya, nisidanganye. Kisha nikajiambia kwamba sheria ikishalegea kwa jirani haina kazi tena, na kwamba shirika la Bukavu lililipa arobaini bila kuguna. Nikajiona mtu mwenye msimamo. Jioni nilikula vizuri.

Jumamosi nilivaa kanzu safi nikaenda kwa akina Domitille. Ua ulikuwa umefunikwa turubai, sufuria za maharagwe zinachemka nyuma ya nyumba, viti vya plastiki vimepangwa kuzunguka meza moja. Niliona fulana kabla sijafika kwenye viti. Zilikuwa nyeupe. Kwenye kila kifua Domitille alikuwa anacheka, na juu ya kicheko chake, kutoka sikio hadi sikio, palisomeka HAIJALIPIWA, STUDIO KASIMU.

Walikuwa kama watu sabini. Vikongwe wasiojua kusoma walikuwa nayo. Watoto walikuwa nayo, imewafika magotini. Wanawake walipokumbatiana kulia, herufi zilikunjana na kukunjuka. Pitchou, aliyezichapa, alinifuata mlangoni kabla sijamuuliza kitu. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Noella aliitosha kwa WhatsApp yako, akaniletea. Nilijaribu kufuta ile maandiko, yaya. Nikiifuta, inaenda na macho."

Nilitaka kurudi nyumbani. Lakini walikwishaniona, na kuondoka kwenye kilio kabla hujakaa ni neno litakalosemwa mwaka mzima. Nikakaa nyuma. Mzee wa pembeni yangu alisogeza kiti chake kidogo kunipa nafasi, na hakunisalimu.

Aliyeongoza shughuli alikuwa Sévère, kaka wa marehemu, mkulima wa mpunga kutoka Luberizi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Baada ya sala na shukrani alifika kwenye jambo ambalo kila kilio cha huku lazima kifike. Kwetu Waislamu huulizwa kabla maiti haijainuliwa. Kwao waliuliza siku hii ya kumaliza. Maswali ni mawili: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa na marehemu. Kila swali linaulizwa mara tatu. Ambalo halikusemwa mpaka mara ya tatu limezikwa, hakuna wa kulifukua, si leo wala baada ya miaka kumi. Nimelisikia likiulizwa tangu nikiwa mtoto, na siku zote nimelipenda kwa sababu lina mpaka.

"Nani anamudai Domitille?" Sévère aliuliza.

Mwenye mtumbwi mmoja alisema kuna ndagala za asubuhi ya mwisho. Sévère akakubali, zitalipwa. Mwanamke wa makaa akasema gunia nusu. Likakubaliwa. Sévère akauliza mara ya pili. Hapo watu walianza kugeuka, mmoja mmoja, mpaka uani pote nyuso zikawa zinanitazama. Chini ya kila uso, Domitille naye alikuwa ananitazama.

"Kasimu," Sévère alisema kwa upole, "jina yako tunaisoma hapa."

Nikasimama. "Minye sidai kitu, papa. Nimesamehe."

Nilitegemea shukrani, kusema kweli. Nilitegemea hata makofi machache. Sévère alitikisa kichwa.

"Kusamehe iko kwa mutu mwenye ameomba. Sisi hatukuomba. Hii neno iko mu uso ya dada yangu, tutarudi nayo nyumbani, tutaifua, itabaki. Ni ngapi?"

"Papa, haina lazima."

"Ni ngapi?"

"Dola makumi ine."

Noella aliingia ndani akatoka na beseni la mama yake. Likaanza kuzunguka. Watu waliokwisha kutoa dola tano za fulana walitia tena, faranga zilizochakaa, mia tano, elfu moja, mwanamke wa makaa aliyekuwa anadai naye akatia. Hakuna aliyenung'unika, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimezoea watu wanaonung'unika. Beseni lilipotimia, Sévère mwenyewe alilileta mpaka nyuma na kuniwekea mikononi.

"Sasa imelipiwa," alisema.

Nikakaa nalo magotini. Dawa ya deni kulipa, wahenga walisema, ila hawakutaja anayelipwa akae vipi. Harufu ya ndagala haikuwa imetoka kwenye lile beseni. Sévère akauliza mara ya tatu, swali la kwanza likafungwa.

"Na nani mwenye Domitille alikuwa anamudai?"

Mwanamke wa sokoni alisimama akataja vikombe vitatu vya ndagala alivyochukua wakati wa Noeli. Kijana mmoja fundi baiskeli alileta mwavuli mweusi, akauweka juu ya meza. Alisema mama alimwazima siku ya mvua, akamwambia ataurudisha mvua ikiisha, na mwaka huu mvua haikuisha. Watu wakacheka kidogo, wakafuta macho.

Sévère akauliza mara ya pili.

Nilimtazama Noella. Nilikuwa na hakika atanitaja. Kalenda aliijua, vidumu vya mawese vimejaa Uvira nzima. Yeye alikuwa anautazama ule mwavuli. Angeninyooshea kidole ningepata la kujibu: ningesema hakuna karatasi niliyoandikiana na mama yake, ningesema kamera ni yangu na jua ni la Mungu, ningesema hata Bukavu hawakutufundisha hivyo. Majibu yote yalikuwa tayari mdomoni. Hakuna aliyeniuliza.

Lililonijia badala yake ni swali langu mwenyewe. Kuna pesa iliyoingia kwa sababu ya picha hii? Nimewauliza maharusi, wachungaji, wenye mikahawa. Nimemuuliza binti aliyekuwa amemzika mama yake jana yake. Na nilijua kwamba nikikaa kimya mara moja tu zaidi, jambo limekwisha kwa haki, kwa sheria ya watu wote, na hata mimi mwenyewe sitaruhusiwa kulifukua. Niliogopa jinsi nilivyotamani hivyo.

"Mara ya tatu," Sévère alisema. "Nani?"

"Minye," nilisema.

Kusimama na beseni lililojaa si rahisi. Nililishika kwa mikono miwili, noti zisimwagike. Nilisema kwamba nimeuzisha sura yake mara nne, dola makumi ine kila mara, na yeye sikumpa kitu. Nilisema pia kwamba nilimwahidi picha moja ya karatasi, akaiomba miaka miwili, nikamdanganya habari za wino. Nilizitaja zile pesa kama ninavyozitaja kwa mteja.

Sévère alimgeukia Noella, kwa sababu mali ya mama ni ya binti, na neno lilikuwa lake.

Noella alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Yaya Kasimu, ile siku ulimupiga hii foto," alisema, akaigusa fulana yake kifuani, "alikuwa anacheka nini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Picha elfu ngapi nimepiga.

"Nilimuambia nitamuletea foto yake kesho," nilisema. "Njo pale akacheka. Akasema, 'Hautaniletea.'"

Nyuma ya nyumba maharagwe yalikuwa yanachemka. Noella alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama, akalichukua beseni la mama yake kutoka mikononi mwangu, pesa zikiwa ndani.

"Basi utaileta kesho," alisema, akaingia nalo nyumbani.